Mwenye Nyumba Alikaa na Bata

Mdogo wangu Dolfo anafuga bata kando ya ziwa la Laguna, karibu na Manila, naye humjua kila bata kwa mwendo wake. Mimi ndiye dada yake mkubwa, nimembeba mgongoni kabla hajaota meno. Nikikwambia kwamba wiki aliyougua homa bata wake waligoma kutaga, wakapanga mstari mlangoni pake kama wagonjwa wa zahanati, huna sababu ya kubisha. Hukuwepo.

Ana miaka sitini na minane. Ni mfupi, ana masikio ya kutosha watu wawili, na sijapata kumsikia akimjibu mtu vibaya. Mtaani kwetu pakitokea msiba, wa kwanza kufika ni Dolfo na kapu lake la mayai ya chumvi. Mtu akiozesha binti, anayekoroga sufuria kubwa ni Dolfo. Lakini ukiwa ni mchezo, mchezo wowote, wa kikapu, wa ngumi, hata majogoo wakipigana, Dolfo hatakiwi.

Hatakiwi kwa sababu ya baka. Kwetu hata mtoto wa kunyonya anajua kwamba mtu aliyezaliwa na baka jeusi kwenye tako ana gundu, na akikaa kutazama mchezo, timu ya upande wake inafungwa, iwe hodari namna gani. Dolfo amejulikana kuwa na baka hilo tangu ana miaka saba. Hakuna mtu aliyeliona, maana si kitu cha kuonyeshana barazani. Yeye mwenyewe hajaliona. Kioo chake ni kile cha kunyolea ndevu, hakizidi kiganja. Marehemu mkewe aliulizwa mara nyingi, naye kazi yake ilikuwa kucheka na kuziba mdomo, basi watu wakakichukua kile kicheko kuwa ushahidi.

Na Dolfo mwenyewe aliamini. Hilo ndilo lililokuwa baya. Miaka yote hiyo, redio ikiwashwa kwa ajili ya pambano, na baadaye televisheni, alisimama kabla hajaambiwa, akaaga kwa adabu kwamba anakwenda kuwaangalia bata. Ndiyo maana bata wake ni wanene kuliko wote wa pwani hii ya ziwa. Wamelishwa kila fainali iliyochezwa tangu enzi za redio.

Sasa, Dolfo ana mjukuu anaitwa Liezel. Mama yake alikwenda Hong Kong kufanya kazi za ndani mtoto akiwa na miaka minne, akamwacha kwa babu. Dolfo hakuwa na vitu vya kuchezea, alikuwa na mayai. Kila asubuhi aliokota mayai bandani na kumrushia mtoto, naye akayadaka na kuyapanga kapuni. Kwanza alirusha polepole, halafu kwa nguvu, halafu mawili kwa pamoja akiwa amempa mgongo. Mimi nilikuwepo, sikuona hata moja likivunjika, ukiacha yale niliyoyaona. Mtoto akakua na mikono ambayo kitu hakipiti. Chuo kimoja cha Manila kikamchukua acheze mpira wa wavu, wakamweka nyuma, mahali pa yule anayevaa jezi ya rangi yake peke yake, ambaye kazi yake ni kujitupa chini na kuuokoa mpira usiguse sakafu.

Miaka minne amecheza, na babu yake hajamwona hata siku moja. Alipocheza hapa kwetu kwenye uwanja wa shule, Dolfo alikaa nyuma ya ukuta wa kanisa akasikiliza makofi. Mwaka huu chuo chao kikafika fainali, na fainali ingeonyeshwa kwenye televisheni saa tisa alasiri, siku ya Jumamosi. Baada ya hapo basi. Liezel alikuwa amemaliza masomo ya uuguzi, amepata kazi Ujerumani, na mpira ameuaga.

Hapo ndipo Dolfo alipofanya jambo lake. Aliuza bata arobaini, akanunua televisheni kubwa kama mlango wa kanisa, akaalika mtaa mzima nyumbani kwake. Nilipomuuliza, akasema watu wengi wakishangilia mahali pamoja baraka zinafika Manila upesi zaidi. Alikuwa ameshafikiri kila kitu. Mikeka sebuleni, uji wa mchele wenye kuku na tangawizi jikoni, ngozi ya nguruwe ya kukaanga na siki yake, karanga za kitunguu saumu, bia kwenye ndoo ya barafu. Na kiti chake mwenyewe alikwishakipeleka kwenye banda la bata, akakielekeza ziwani.

Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa kwake namenya vitunguu saumu. Simu ikalia, alikuwa Liezel. Simu ya Dolfo inapiga kelele kiasi kwamba majirani hawahitaji kuazima, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Babu, leo utanitazama?"

"Nitakaa mbele kabisa, mjukuu wangu."

"Usiniambie tena habari za bata kuumwa."

"Bata wazima. Nitakaa mbele kabisa, nimekwambia."

Alipokata simu aliifuta kwa shati, na haikuwa na uchafu. Halafu akaniona ninamwangalia. "Dada Sabel, usinitazame hivyo," akasema. "Ni siku yake ya mwisho. Siwezi kumharibia mtoto kwa sababu ya macho yangu."

Nikaendelea kumenya vitunguu. Ulikuwa wakati mzuri wa kusema, na sikusema.

Maana baka lile ni langu.

Ngoja nieleze, usininyanyulie nyusi. Nilikuwa na miaka kumi na minne, mwaka wa yale mafuriko yaliyoleta kambare mpaka altareni. Vijana wa mtaa wetu walicheza kikapu na wale wa ng'ambo ya mto, tukafungwa kwa pointi moja, mpira wetu wa mwisho ukizunguka kwenye ringi mara saba kabla ya kutoka nje. Watu wakaanza kutafuta mwenye gundu. Mkunga mmoja mropokaji akakumbuka kwamba katika nyumba yetu alimtoa mtoto mwenye baka, ila amesahau ni yupi. Macho yote yakanigeukia mimi. Mimi niliyeupenda mchezo kuliko chakula, ambaye ningekosa misa lakini si mechi. Nikamwona Dolfo pembeni anatafuna muwa, hana habari na dunia. Nikamnyooshea kidole. Nikasema ni huyu, mimi ndiye ninayemwogesha. Nani angembishia anayeogesha?

Nilikusudia kulirekebisha wiki iliyofuata. Wiki iliyofuata kulikuwa na mechi.

Basi Jumamosi hiyo, ilipofika saa nane na nusu, nyumba ya Dolfo ilijaa. Mkuu wa mambo ya bahati mtaani kwetu ni Berting, dereva wa pikipiki ya magurudumu matatu, kijana wa miaka arobaini hivi. Yeye ndiye anayepanga nani akae wapi, kwa sababu mkishinda mkiwa mmekaa namna fulani, mechi inayofuata lazima mkae vilevile. Aling Pacing, yaani Mama Pacing, muuza samaki, rafiki yangu tangu utotoni, aliwekwa mlangoni mguu mmoja ndani mmoja nje, kwani siku ya nusu fainali alibanwa na msuli akiwa hivyo na tukashinda. Berting mwenyewe alivaa fulana ya manjano aliyokuwa hajaifua tangu mashindano yaanze. Waliowekwa karibu naye waliomba wahamishwe, akakataa.

Dolfo alizunguka akimpa kila mtu bakuli lake la uji, akajua nani anataka yai na nani hataki tangawizi. Alipomaliza akasimama mlangoni akivuta vidole vyake. Berting akamwendea, akamshika bega, akamwambia kwa upole kwamba chakula ni kitamu mno, ila Mang Dolfo, yaani Mzee Dolfo, anajua mambo yetu. Dolfo akasema anajua, anajua, alikuwa anataka tu kuhakikisha picha inaonekana vizuri. Akaiangalia ile televisheni yake ikiwa inaonyesha tangazo la sabuni, akatoka.

Mpira ukaanza. Liezel alikuwa mdogo kuliko wenzake wote, jezi yake ya manjano katikati ya za kijani, nywele amezibana juu. Seti ya kwanza tulishinda bila jasho. Watu wakala, wakatania, Aling Pacing akaniambia mjukuu wetu ana magoti mazuri, amerithi kwake, ingawa hawana undugu wowote. Seti ya pili tukafungwa. Berting akaanza kuhesabu watu. Seti ya tatu wale wasichana warefu wa upande wa pili wakawa wanaushusha mpira kama wanagonga misumari. Liezel anajitupa kulia, anajitupa kushoto, na wenzake wamesimama tu. Berting akanyanyuka akasema mahali fulani kuna mtu anatazama.

Nikamfuata, nikijifanya naenda jikoni kuongeza siki.

Dolfo alikuwa bandani, amesimama juu ya ndoo iliyofudikizwa. Pale kwenye ubao kuna ufa, na kutoka kwenye ufa unaona dirisha la jikoni, na kupitia dirisha la jikoni unaona pembe moja ya ile televisheni, labda ukubwa wa kiberiti. Alikuwa amebandika jicho hapo. Katika kiberiti kile sidhani alimwona Liezel. Pengine aliona mguu wa mwamuzi.

Berting hakumfokea. "Mang Dolfo," akasema, "mimi nakuheshimu kama baba. Lakini si mjukuu wako huyo?"

Dolfo akashuka kwenye ndoo. Akasema samahani, kweli, amesahau akili. Halafu akachukua gunia la chakula cha bata, akatafuta misumari miwili, akauziba ule ufa yeye mwenyewe, akilinyoosha gunia pembe zote lisiachie mwanga. Akamshukuru Berting kwa kumkumbusha. Akamshukuru, unasikia?

Nimesema uongo mwingi maishani na wote nimelala nao usingizi mzuri. Huu wa baka ndio uliokataa kulala siku hiyo.

Seti ya tatu ikaisha, tumefungwa. Timu zikapumzika. Nikarudi ndani nikasimama mbele ya televisheni, watu wakaniambia nipishe. Nikawaambia mwenye baka ni mimi, Dolfo hana kitu, ngozi yake safi kama yai, mimi ndiye niliyemsingizia nilipokuwa msichana.

Walicheka mpaka karanga zikamwagika. Berting akajifuta machozi. "Bibi Sabel," akasema, "wewe si ndiye uliyevuka ziwa umepanda kambare?"

"Hilo ni jambo jingine."

"Na ukasema kambare alikudai nauli."

Nikaona maneno hayatafika mahali. Nikashika pindo la sketi yangu, nikageuka, nikaanza kupandisha. Hapo pakawa na vurugu. Watu wazima waliziba macho. Berting alijifunika uso kwa ile fulana yake, akajuta papo hapo. Aling Pacing, aliyekuwa haruhusiwi kuondoa mguu kizingitini, aliuondoa, akanikamata mkono akanipeleka chumbani kwa Dolfo na kufunga mlango.

"Sabel," akaniambia, "kama huu ni mchezo wako nitakuzaba kofi, uzee tuuache nje."

"Angalia."

Akavaa miwani. Akaivua, akaifuta kwenye nguo, akaivaa tena. Mimi nimeinama nimeshika kitanda, sebuleni tangazo la sabuni linaimba.

"Na ni kubwa hivi," akasema mwishowe.

Tulipotoka, watu wote walikuwa wamesimama. Aling Pacing akainua mkono akaapa kwa Mtakatifu Antonio kwamba lipo, jeusi, ukubwa wa kisahani cha kahawa, upande wa kushoto. Hakuna aliyecheka tena. Berting alianza kukumbuka kwa sauti: fainali ya kikapu ile, Bibi Sabel alikuwepo. Pambano la ngumi lile, Bibi Sabel alikuwepo, tena mbele. Alivyozidi kukumbuka ndivyo watu walivyozidi kusogea mbali nami. Sikungoja kufukuzwa. Nilichukua karanga kiganja kimoja nikatoka.

Dolfo alikuwa kwenye kiti chake akitazama ziwa. Bata walikuwa wamemzunguka.

"Nenda ndani," nikamwambia. "Baka ni langu. Pacing ameliona."

Akanitazama. "Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe. Baka haliingii mtu uzeeni."

"Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Akafikiri. Ukitaka kumwogopa mtu, mwogope asiyekasirika haraka, maana hujui anaiweka wapi hasira yake. "Hata lile pambano la mwaka wa kimbunga?" akauliza. "Nilipokaa humu na mvua inanyesha ndani?"

"Hata hilo."

"Ulikuja kunisimulia raundi zote. Nikakushukuru."

Kutoka ndani tukasikia filimbi, seti ya nne inaanza. Dolfo akasimama. Akatia mikono mfukoni.

"Nitakukasirikia kesho, dada," akasema. "Leo sina nafasi."

Akatoka. Baada ya hatua nne akarudi, akachungulia mlangoni kama mgeni. "Huwa mnakaa vipi?" akaniuliza. "Yaani, mtu anakaa tu?"

"Unakaa tu. Kaa mbele, watakupisha."

Nikabaki na bata. Nilichokiona hapo ni gunia, kwa hiyo nitakueleza nilichosikia. Nilisikia viti vikisogezwa, na Berting akisema Mang Dolfo apewe mto. Halafu nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Ilikuwa ya mdogo wangu, akipiga kelele. Hakujua kupiga kelele kwenye mchezo, masikini. Alishangilia mpira ukiwa kwa wapinzani. Alimpongeza mwamuzi. Mara moja, watu wote walipokuwa kimya, nilimsikia anamwambia Liezel, kwa sauti ya mezani kabisa, aangalie goti lake. Lakini seti ya nne tulishinda, na nyumba ilitikisika hivi kwamba bata wakataga papo hapo, mayai kumi na saba, nimeyaokota kwa mikono hii.

Seti ya tano ni fupi, inaishia pointi kumi na tano. Niliisikia ikipanda pole pole, watu wakivuta pumzi pamoja na kuiachia pamoja. Kisha ikaja ile sauti ambayo kila mtu anayependa mchezo anaijua, ya watu wengi kuishiwa upepo kwa wakati mmoja. Halafu makofi machache. Halafu hakuna kitu.

Nikaogopa. Niliwaza watamgeukia, watasema pengine anayo mabaka mawili. Lakini sauti ya kwanza niliyosikia ilikuwa ya Berting, akilalamika kwamba banda liko karibu mno, hatua kumi na mbili tu, na mwakani Bibi Sabel apelekwe ng'ambo ya ziwa kwa mtumbwi. Wakakubaliana wote. Nikasikia mabakuli yakigongana, wanaongeza uji.

Dolfo hakuja mara moja. Alipokuja alikuwa amebeba bakuli langu, lenye yai, bila kitunguu, ninavyopenda. Akaliweka juu ya ile ndoo. Uso wake ulikuwa umelowa na hakujali kuufuta.

"Kuna mpira mmoja, dada," akaanza. "Ulipigwa ukaenda nje kabisa, mpaka kwenye viti vya watazamaji. Kila mtu aliuacha. Yeye hakuuacha. Alikimbia, akaruka ubao, akaupiga kwa ngumi akiwa ameupa mgongo, ukarudi uwanjani. Akaangukia kwa mama mmoja mwenye mtoto. Akamwomba radhi yule mama, nimeona mdomo wake, akasema samahani shangazi, halafu akaruka tena ubao akarudi."

"Na pointi tukapata?"

"Hilo sikuliangalia. Nilikuwa namwangalia yeye."

Akaniambia Liezel anavyofunga kamba za viatu, kushoto kwanza. Akaniambia anavyowapiga wenzake mgongoni wakikosea, polepole, kama yeye Dolfo anavyowapiga bata wanaokataa kula. Akaniambia jasho lake, kovu lake la kiwikoni ambalo kamera ililileta karibu hadi akaligusa kwenye kioo kwa kidole na Berting hakumkataza. Nilikula uji wote na bado anasema.

"Sasa tumefungwa, sivyo?" nikamuuliza.

"Eh? Ndiyo. Kumi na tano kwa kumi na tatu." Akasema kama mtu anayetaja saa. "Lakini ule mpira wa mwisho, ungeona alivyoukaribia. Hivi. Sogea kidogo."

Nikasogea. Akavua kandambili. Mdogo wangu wa miaka sitini na minane akapiga hatua mbili na kujitupa ubavu kwenye majani ya mpunga, mikono mbele, viganja vimeungana, na bata wakatawanyika kila upande wakipiga kelele. Akakaa, akatema manyoya. Akatikisa kichwa akasema hapana, hakufanya hivyo, alikwenda chini zaidi. Akasimama akaniambia nisogee tena.